Uraibu, gereza na lugha: Mkimbizi wa Nakivale ana haki gani?

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 kusini magharibi mwa Uganda, yanawahifadhi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Wengi miongoni mwao huelewana kwa Kiswahili. Mmoja wao akiwekwa rumande Mbarara, ambako Kinyankole na Kiingereza ndizo lugha zinazotawala, ugumu wa kuelewana unaweza kuhatarisha maisha yake iwapo ni mraibu wa pombe.

Kwa nini saa za kwanza ni muhimu?

Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku hudhurika unapoikosa ghafla. Mtu hutetemeka na kutoka jasho. Degedege huweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuweweseka hufuata kati ya siku ya 2 na ya 4. Dawa za kuzuia hali hiyo zipo, lakini mhudumu wa afya lazima kwanza aulize: ulikunywa nini, kiasi gani, na lini mara ya mwisho? Jibu lisipoeleweka, mgonjwa hudhaniwa ana malaria, au huonekana mkaidi.

Je, askari anaweza kutafsiri?

Nchini Uganda, Kiswahili kimekuwa kwa miaka mingi lugha ya jeshi na polisi. Hata hivyo, Kiswahili cha kutoa amri hakitoshi kueleza ugonjwa, na mfungwa huogopa kumwambia ukweli mtu anayemlinda. Anayetoka Kivu akitaja kanyanga, mkalimani anapaswa kujua kuwa ni pombe kali kama waragi.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo, lakini mahakamani. Kuhusu afya, Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kila mfungwa mpya achunguzwe mapema, zikitaja dalili za kukosa pombe au dawa za kulevya, na zinahimiza msaada wa ukalimani. Kanuni hizo ni mwongozo tu. Hazina nguvu ya sheria.

Familia ifanye nini?

Ndugu anayejua hali ya mfungwa na awaarifu maofisa wa gereza siku hiyohiyo, akitaja aina ya kileo, kiasi, na saa ya kinywaji cha mwisho.