Waraka wa Vita na Wasomaji Wasioalikwa: Barua za Tipu Sultan, 1798–1799

Mtaalamu wa lugha akipewa waraka wa kale, mambo ya kwanza anayotaka kujua ni nani aliyeuandika na nani aliyeandikiwa. Maswali hayo mawili ni ya lazima, lakini ikiwa waraka wenyewe uliandikwa wakati wa vita, hayatoshi. Barua ya vita aghalabu husomwa na watu ambao mwandishi hakuwakusudia: askari aliyeinasa njiani, mfasiri wa adui, karani aliyeihifadhi, na mwishowe mchapishaji aliyeitia kitabuni ili kuitilia nguvu hoja yake mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wasomaji hao wasioalikwa si jambo la pembeni. Mara nyingi wao ndio waliotuchagulia barua za kusoma, na lugha ya kuzisomea.

Mfano tulioutwaa ni barua zilizoandikwa katika miaka ya 1798 na 1799 baina ya Tipu Sultan wa Mysore, Wafaransa na Waingereza. Tumeuteua kwa sababu mbili. Kwanza, mwendo wa barua hizo unajulikana vema, hata twaweza kuufuata takriban tarehe kwa tarehe. Pili, njia zake zilipitia Mauritius na kuelekezwa Maskati, mahali pawili ambapo historia yake imefungamana na ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Mazingira ya barua

Tipu Sultan alirithi utawala wa Mysore, kusini mwa India, mwaka 1782 alipofariki babake, Haidar Ali. Katika vita vilivyomalizika mwaka 1792 alishindwa na Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki (ambayo hapa tutaiita Kampuni) pamoja na washirika wake. Mkataba wa mwaka huo ulimlazimisha kutoa nusu ya nchi yake, kulipa rupia milioni 33, na kuwakabidhi wanawe wawili kwa Waingereza wawe rehani. Watoto walirudishwa mwaka 1794, ardhi haikurudi. Tangu hapo Tipu alikuwa akitafuta mshirika wa kumsaidia kuirejesha, naye hakuona mwingine mwenye nguvu za kutosha ila Ufaransa, iliyokuwa vitani na Uingereza.

Barua zake za kiserikali ziliandikwa kwa Kiajemi, ingawa raia zake wengi walisema Kikannada. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kiajemi kilikuwa lugha ya mabaraza ya watawala katika sehemu kubwa ya India, na Kampuni yenyewe ilikuwa na ofisi ya wafasiri wa lugha hiyo. Dola yake Tipu aliiita Sarkar-i Khudadad, yaani serikali iliyotolewa na Mungu. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kulitambua neno la kwanza, kwa kuwa serikali yetu inatokana na asili hiyo hiyo ya Kiajemi, kama zitokavyo diwani na bandari. Yafaa basi tukumbuke kwamba lugha ya nyaraka tunazozijadili ni mojawapo ya zile zilizosafiri katika Bahari ya Hindi na kuacha alama zake katika msamiati wetu wenyewe.

Siri iliyotangazwa

Mwezi wa Januari 1798 wajumbe wa Tipu walifika Mauritius, kisiwa ambacho Wafaransa walikiita Île de France, wakiwa na barua za kuomba askari na mapatano ya kuwafukuza Waingereza kutoka India. Shauri hilo lilihitaji siri kuliko jambo lolote jingine, kwani nguvu yake yote ilikuwa katika kumkuta adui hajajiandaa. Gavana Malartic hakuwa na askari wa kutoa. Badala ya kuwaambia wajumbe hivyo faraghani na kuwarudisha kwao, mwishoni mwa mwezi huo alitoa tangazo la wazi kwa wananchi wa kisiwa. Alieleza humo kwamba Tipu anataka mapatano na Ufaransa, kwamba anangojea tu Wafaransa wafike ili awatangazie Waingereza vita, na kwamba mwenye kutaka kwenda kumtumikia ajiandikishe. Waliojitokeza na kuvuka bahari walikuwa watu wapatao 100 tu. Walishuka Mangalore mwezi wa Aprili.

Tangazo lilikwenda mbali zaidi yao. Tarehe 8 Juni 1798 lilichapishwa katika gazeti la Calcutta, nalo likasomwa na Richard Wellesley, Gavana Mkuu mpya, ambaye wakati huo aliitwa Lord Mornington na ambaye hakuwa ametimiza hata mwezi mmoja mjini humo. Hivyo ombi lililoandikwa kwa Kiajemi, likapelekwa kwa siri na kuelezwa upya kwa Kifaransa hadharani, lilimfikia adui likiwa limechapishwa. Hakuna aliyelazimika kumkamata tarishi wala kuvunja lakiri.

Msomaji wa pwani yetu atakuwa na sababu nyingine ya kukikumbuka kisiwa hicho. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, na Mauritius ilikuwa miongoni mwa masoko makuu ya biashara hiyo ya Wafaransa. Kwa hiyo kisiwa ambako siri ya Tipu ilifichuliwa kilikuwa kinalimwa na watu waliotekwa, wengi wao kutoka upande huu wa bahari. Uhuru ambao Malartic aliwahimiza wananchi wake waupiganie India haukuwahusu watu hao.

Adabu ya barua na mwendo wa majeshi

Kwa miezi kadhaa baada ya Juni, Wellesley alikusanya majeshi na washirika huku akimwandikia Tipu kwa maneno ya kirafiki. Habari za manowari za Ufaransa kuangamizwa Abukir, Misri, tarehe 1 Agosti 1798, zilipomfikia, alimwandikia Tipu mwanzoni mwa Novemba kumjulisha ushindi huo, kana kwamba anamshirikisha rafiki furaha yake. Siku chache baadaye akamwandikia tena kwamba mapatano yake na Wafaransa yanajulikana, na kwamba afadhali ampokee mjumbe, Meja Doveton, wazungumze.

Majibu ya Tipu yanastahili kuangaliwa kwa makini na mwanafunzi wa lugha. Kuhusu Mauritius, alieleza kwamba merikebu ya milingoti miwili ya wafanyabiashara ilikwenda na shehena ya mchele, ikapita kisiwani, na watu wapatao 40, Wafaransa na weusi, baadhi yao mafundi, wakalipa nauli na kuja kutafuta kazi. Ni maelezo ambayo kila sehemu yake yangeweza kutokea katika biashara ya kila siku ya Bahari ya Hindi, na hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba msomaji wake alikuwa tayari na tangazo la Malartic mezani.

Barua iliyojulikana zaidi ni ile iliyofika Madras tarehe 13 Februari 1799. Ndani yake Tipu anasema kwamba ana mazoea ya kutembea na kuwinda, na kwamba sasa anakwenda mawindoni; basi Meja Doveton na aletwe, akiwa na wafuasi wachache. Waandishi wa Kiingereza waliisoma kuwa dharau tupu, na wengi waliowafuata wakairithi hukumu hiyo. Kwa maoni yetu, usomaji huo umeliacha nje jambo muhimu. Barua hiyo ina kukubali ndani yake. Mtawala anayetishwa anaridhia matakwa ya mwenye nguvu, lakini anayaweka baada ya shughuli ya kifalme, ili asionekane na watu wake kuwa ameitika kama mtumishi aliyeitwa. Aliyezoea kusikiliza mazungumzo ya wazee wetu anaijua njia hiyo ya kusema ndiyo bila ya kuinama.

Hata hivyo, ubora au ubaya wa usomaji haukuwa na athari tena. Amri ya majeshi kuingia Mysore ilikuwa imekwisha kutolewa tarehe 3 Februari, siku 10 kabla ya barua kufika. Wellesley alipoifungua hakuwa akitafuta jibu. Alikuwa akitafuta ushahidi wa kuwaonyesha wakubwa wake London.

Barua za Cairo na kosa la anwani

Wakati huo huo barua nyingine zilikuwa njiani. Tarehe 25 Januari 1799 Napoleon Bonaparte, aliyekuwa Cairo, aliandika barua mbili zinazotuhusu. Katika ile ya Tipu alisema kwamba amefika pwani ya Bahari ya Shamu na jeshi lisilohesabika wala kushindika, akamwomba atume mtu wa kuaminika Suez au Cairo ili washauriane. Ukweli ni kwamba jeshi hilo lilikuwa limefungiwa Misri, kwani merikebu zake zilikuwa zimeteketea karibu miezi sita nyuma. Barua ya pili ilimwendea mtawala wa Maskati, kumhakikishia urafiki na kumwomba aipeleke ile ya kwanza kwa Tipu. Zote mbili zilinaswa na Waingereza katika Bahari ya Shamu. Tipu hakuiona yake.

Barua ya Maskati ilikuwa na kasoro mbili ambazo hazikutokana na kunaswa kwake. Kwanza, ilikuwa imechelewa, kwa kuwa tarehe 12 Oktoba 1798 mtawala huyo alikuwa amekwisha kutia sahihi mapatano na Kampuni ya kutowapa Wafaransa nafasi nchini mwake. Pili, iliandikwa kwa Imamu wa Maskati, na aliyetawala Maskati hakuwa imamu. Sayyid Sultan bin Ahmad hakuwahi kuchaguliwa kushika cheo hicho. Kilikuwa bado cha nduguye, Said bin Ahmad, aliyekaa Rustaq. Waingereza nao walilitumia jina hilo hilo. Kwa wageni lilikuwa jina tu la mtawala wa Oman. Kwa Waomani lilikuwa suala la dini na la uhalali wa utawala, lililowagawa ndugu wawili. Mtu anayedharau elimu ya anwani na vyeo katika nyaraka afikiri juu ya mfano huu, hasa kwa kuwa Sultan bin Ahmad ndiye baba wa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856 na kuifanya Unguja makao yake.

Mfasiri akiwa mshindi

Tarehe 4 Mei 1799 Srirangapatna, mji mkuu wa Tipu, ulitekwa, naye akauawa vitani. Nyaraka za kasri yake zikaingia mikononi mwa washindi. Mwaka huo huo tafsiri za Kiingereza za mawasiliano yake na Wafaransa zilichapishwa Calcutta, na kazi yake ilikuwa wazi: kuthibitisha kwamba vita vilikuwa vya haki. Mwaka 1811 William Kirkpatrick, afisa wa Kampuni aliyekuwa hodari wa Kiajemi, alitoa London kitabu cha barua teule za Tipu, pamoja na maelezo yake. Katika dibaji alimchora Tipu kuwa adui katili na mtu asiyevumilia dini za wengine, na barua zikawekwa kuwa vielelezo vya picha hiyo.

Nilikisoma kitabu hicho nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilizisoma barua nikiongozwa na maelezo. Mara ya pili niliziacha kando tanbihi za mfasiri, na mtu mwingine akaanza kujitokeza. Ni mtawala anayemwandikia wakala wake Maskati kuhusu bei ya msandali na mchele, na anayeagiza mayai ya nondo wa hariri ili raia zake wajifunze kuwafuga. Kirkpatrick hakuzificha barua hizo, na uaminifu wake huo tumshukuru. Lakini hakuzipa uzito, na msomaji anayemfuata hatazipa pia.

Hitimisho

Mambo haya yanatugusa sisi wenyewe. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zikapelekwa Msumbiji wakati Wareno na Waomani wakigombania pwani, ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa tulio nao wa Kiswahili kilichoandikwa. Tunazo kwa kuwa ziliingia katika kumbukumbu za Wareno na kuhifadhiwa Goa. Nyaraka za Kiswahili alizozichapisha Büttner mjini Berlin mwaka 1892 zilitolewa wakati Ujerumani ilipokuwa ikijenga utawala wake katika nchi hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya nathari yetu ya kale ya kisiasa imetufikia kwa mikono ya namna hiyo.

Hatuna budi, basi, kuwafundisha wanafunzi wetu wasiishie kwenye jina la mwandishi na la mwandikiwa. Waulize pia nani aliipata barua, nani aliifasiri, na nani aliona faida kuihifadhi. Na pale asili inapopatikana, waisome asili kabla ya tafsiri, na tafsiri kabla ya tanbihi. Tipu hakuwa na nafasi ya kumsahihisha mfasiri wake. Walioandika kutoka pwani hii nao hawana, isipokuwa sisi tuifanye kazi hiyo kwa niaba yao.