Kabla ya Caitlin Clark Kulikuwa na Masista na Ndoo

Mnakumbuka Februari 2024? Kila ukifungua simu ni Caitlin Clark. Tarehe 15, akichezea Iowa, alipita pointi 3,527 za Kelsey Plum, na mtandao mzima ukatangaza kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kufunga zaidi yake kwenye mpira wa vikapu wa vyuo vikuu Marekani. Mimi pia nilisambaza ile klipu. Sitakataa.

Halafu jina lingine likaanza kuchomoza: Lynette Woodard. Huyu alifunga pointi 3,649 akiwa Kansas, kati ya 1977 na 1981. Sasa hebu piga hesabu mwenyewe. 3,649 ni zaidi ya 3,527, si ndio? Clark alihitaji hadi tarehe 28 mwezi huo huo kumpita Woodard. Kwa hivyo mbona tulishangilia mapema?

Sababu ni moja, na ndiyo imenifanya niandike hii. NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo kule, hakikuwa na mashindano ya wanawake enzi za Woodard. Mabinti walikuwa chini ya chama kingine, AIAW. NCAA iliingia 1982, na vitabu vyake vya rekodi vya wanawake vinaanza hapo hapo. Kilichotangulia ni kama hakikutokea.

Nikaanza kuchimba. Na kule chini kabisa nikakutana na timu moja ambayo, manze, sijui mbona hakuna aliyewahi kunihadithia.

Timu isiyokuwa na jimu

Chuo kinaitwa Immaculata. Kiko nje kidogo ya Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Siku hizo kilikuwa chuo kidogo cha Kikatoliki, cha wasichana watupu, kikiendeshwa na masista. Jimu yao iliungua 1967, kwa hivyo walipomwajiri kocha mpya 1970 hakukuwa na uwanja wa kumpa. Mazoezi yalifanyiwa kwenye jengo la wanovisi, wale wasichana wanaojiandaa kuwa masista.

Kocha mwenyewe alikuwa Cathy Rush, miaka 22. Mshahara wake ulikuwa dola 450. Si kwa wiki, si kwa mwezi. Kwa msimu mzima.

Jezi? Hakuna jezi. Walicheza kwa gauni za sufu. Jaribu kukimbia uwanja mzima ukiwa umevaa gauni la sufu, halafu uje uniambie.

Msimu wa 1971-72 ukafika, na AIAW ikaandaa mashindano yake ya kwanza ya kutafuta bingwa wa nchi nzima. Kwa asiyefuata vikapu vya vyuo: msimu wa kawaida ukiisha, timu bora huingia kwenye mtoano. Ukipoteza, unarudi nyumbani. Hapo ndipo heshima ya chuo hupatikana.

Immaculata walifuzu, lakini kwa aibu. Kwenye mashindano ya kanda yao walipigwa na West Chester State, majirani zao, 70 kwa 38. Hiyo ni tofauti ya pointi 32. Na West Chester ndicho chuo alichosoma Cathy Rush mwenyewe, kwa hivyo kidonda kilitiwa chumvi.

Tatizo la pili lilikuwa nauli. Mashindano yalikuwa Normal, jimbo la Illinois, na chuo hakikuwa na doo za kupeleka timu. Wakafanya kile ambacho timu yoyote ya shule hapa Kenya inakijua vizuri: wakachangisha. Wasichana waliuza miswaki. Ndio, miswaki ya meno. Pesa zilizopatikana zikatosha wachezaji 8 tu, na hao 8 walisafiri kwa tiketi za kusubiri, zile unapanda ndege ikiwa tu kuna kiti kimebaki. Wengine wakaachwa.

Kati ya timu 16, Immaculata walipangwa nafasi ya 15.

Wakashinda mechi ya kwanza. Wakashinda ya pili. Kwenye nusu fainali wakawatoa wasichana wa chuo cha wanawake cha Mississippi, 46 kwa 43. Na fainali, tarehe 19 Machi 1972, nani alikuwa anawangoja? West Chester. Wale wale wa pointi 32.

Matokeo: Immaculata 52, West Chester 48.

Wachezaji 8, kocha wa dola 450, bila jimu. Mabingwa wa kwanza wa nchi.

Kelele za ndoo

Ungedhani ni bahati. Zii. Msimu uliofuata hawakupoteza hata mechi moja. Kwenye nusu fainali ya 1973 walikuwa karibu kuaga dhidi ya Southern Connecticut, lakini Theresa Shank, mchezaji wao mrefu wa katikati, akausukuma mpira ndani saa ikiisha, wakashinda 47 kwa 45. Fainali wakawachapa Queens College ya New York 59 kwa 52, tena kwa uwanja wa Queens wenyewe. Mwaka wa 1974 wakachukua taji la tatu mfululizo kwa kuwafunga Mississippi College 68 kwa 53.

Na mashabiki wao walikuwa kitu kingine. Baba ya mchezaji mmoja, Rene Muth, alikuwa na duka la hadwea. Akaleta ndoo za chuma. Masista na mashabiki wengine wakazipiga kwa vijiti mechi nzima. Fikiria wewe ni mgeni, unataka kupiga mpira wa adhabu, na nyuma ya kikapu kuna masista wamevaa kanzu zao wanatwanga ndoo.

Nchi ikaanza kuwaona. Tarehe 26 Januari 1975 walicheza na Maryland kwenye mechi ya kwanza ya wanawake wa vyuo kuonyeshwa na televisheni kote nchini. Wakashinda 80 kwa 48. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 Februari, wakawa sehemu ya mechi ya kwanza ya wanawake wa vyuo kuchezwa Madison Square Garden, New York. Walikuja watu karibu 12,000. Immaculata 65, Queens 61.

Kwa hivyo mtu akikuambia "hakuna aliyekuwa anatazama vikapu vya wanawake zamani," mwambie kulikuwa na watu 12,000 na ndoo.

Mlango ukafunguka, wengine wakaingia

Sasa twende sehemu inayouma.

Miezi mitatu tu baada ya lile taji la kwanza, Juni 1972, Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Title IX. Inasema shule inayopokea pesa za serikali kuu haiwezi kubagua kwa misingi ya jinsia. Hiyo iligusa michezo pia. Polepole vyuo vikubwa vikalazimika kuwapa wasichana timu, makocha, viwanja na ufadhili wa masomo. AIAW yenyewe ilikuwa imekataza ufadhili wa michezo, lakini ikapelekwa kortini, ikabadilisha msimamo 1973.

Ni jambo zuri, hakuna ubishi. Lakini Immaculata hawakuwa wanatoa ufadhili wa michezo, na ukiwa msichana mwenye kipaji, chuo kimoja kinakulipia karo yote na kingine kinakupa gauni la sufu, utaenda wapi?

Kuanguka kwao hakukuwa kwa ghafla. Fainali ya 1975 walipoteza kwa Delta State ya Mississippi, 90 kwa 81. Ya 1976, Delta tena, 69 kwa 64. Na niseme ukweli: Delta hakikuwa chuo cha matajiri. Walikuwa na Lusia Harris, binti mweusi wa futi 6 na inchi 3, ambaye mwaka huo wa 1976 alifunga kikapu cha kwanza kabisa katika historia ya vikapu vya wanawake kwenye Olimpiki. Kufungwa na huyo si aibu.

Mwaka wa 1977 Immaculata walifika nne bora kwa mara ya sita mfululizo. Hiyo ni kila mwaka tangu mashindano yaanze. Kisha Cathy Rush akaondoka, akiwa na ushindi 149 na mechi 15 tu alizopoteza. Mwaka uliofuata bingwa alikuwa UCLA, chuo kikubwa cha California. Enzi ya vyuo vidogo ilikuwa inafungwa.

Halafu NCAA ikaona hapa kuna kitu. Mwaka wa 1982 ikaanzisha mashindano yake ya wanawake, ikaahidi kulipa gharama za usafiri za timu. Unaelewa hiyo inamaanisha nini kwa watu waliokuwa wakiuza miswaki? Vyuo vingi vikubwa vikahama. Machi hiyo yakachezwa mashindano mawili. Louisiana Tech wakashinda ya NCAA. Ya AIAW yalifanyika Philadelphia, yakachukuliwa na Rutgers, waliowafunga Texas 83 kwa 77. Hiyo ikawa fainali ya mwisho. AIAW ilikufa mwaka huo.

Na unajua kocha wa Rutgers alikuwa nani? Theresa Shank, wakati huo akiitwa Theresa Grentz. Msichana aliyeshinda taji la kwanza la AIAW akiwa mchezaji ndiye aliyelichukua la mwisho akiwa kocha.

Hesabu ya nani?

Sasa fanya hesabu nami. Theresa Shank: mataji matatu kama mchezaji, moja kama kocha. Jumla 4. Kwenye orodha ya mabingwa wa NCAA ana mangapi? Sufuri.

Mwenzake Marianne Crawford, baadaye Stanley, alishinda mawili akichezea Immaculata, 1973 na 1974. Akaenda kuwa kocha wa Old Dominion, akachukua 1979, 1980 na 1985. Jumla 5. Kwenye orodha ya NCAA? Moja, lile la 1985. Ni mwanamke yule yule na mchezo ule ule. Kilichobadilika ni jina la chama juu ya kombe.

Najua kuna msee atasema: lakini enzi hizo timu zilikuwa chache, ushindani haukuwa mkali. Sawa. Hebu tuangalie wanaume. Bingwa wa kwanza wa wanaume kwenye orodha ya NCAA ni Oregon, 1939. Mashindano hayo yalikuwa na timu 8, nusu ya zile za Immaculata. Na mwaka huo hayakuandaliwa na NCAA yenyewe. Yaliandaliwa na chama cha makocha, NCAA ikayachukua mwaka uliofuata. Lakini taji la Oregon linahesabiwa hadi leo. Kumbe inawezekana kuhesabu kilichotangulia. Ni kutaka tu.

Na msidhani mabinti walipochukuliwa na NCAA ndio wakapata heshima. Mnamo 2021, kwenye mashindano ya San Antonio, mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, alichukua simu akaonyesha wanaume walivyopewa ukumbi mzima wa mazoezi, huku wanawake wakipewa rafu moja ya vyuma vidogo. Ile video ikasambaa kote. Mwaka uliofuata ndipo mashindano ya wanawake yakaruhusiwa kutumia jina la March Madness, jina ambalo wanaume walikuwa nalo miaka yote. Ilikuwa miaka 40 tangu NCAA iingie.

Haki lazima itendeke kwa kusema pia kuna waliokumbuka. Jumba la heshima la vikapu, Naismith, lilimwingiza Cathy Rush 2008, timu nzima 2014, na Shank pamoja na Stanley 2022. Kuna filamu pia, The Mighty Macs. Immaculata bado wanacheza, siku hizi kwenye daraja la tatu, na tangu 2005 chuo kinapokea wavulana.

Simchukii Clark. Fainali yake ya 2024 dhidi ya South Carolina ilitazamwa na watu karibu milioni 19, wengi kuliko fainali ya wanaume mwaka huo. Ninachosema ni hiki: aliyekuja na pesa asipewe pia ruhusa ya kuamua historia inaanzia wapi. Akipewa, ataianzia kwenye risiti yake.

Mamangu alicheza vikapu sekondari, miaka ya tisini. Ushahidi uliobaki ni picha moja, kona imeliwa na unyevu. Hakuna tovuti inayojua walishinda nini. Juzi nimemkalisha chini na simu, nikarekodi: majina, matokeo, nani alifunga, lori gani liliwabeba. Amecheka sana akikumbuka.

Na wewe, kwenu kuna nani? Muulize wiki hii, uandike.