Mumbo, mwamikazi na shangazi wa Mwindo

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese huko Kisimba, upande wa Walikale, Candi Rureke aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza utendi wa Mwindo, shujaa wa Banyanga, kwa muda wa siku 12, mpaka sauti ikamkauka na mikono na miguu ikamuuma. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wawili, Amato Buuni na Stephano Tubi, walikuwa wakiandika kila alichotamka. Mwaka huu wa 2026 kazi hiyo imetimiza miaka 70. Hapa Majengo, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, tunaishi na familia nyingi zilizotoka Walikale, Masisi na Lubero, lakini vijana wanaolijua jina la Rureke ni wachache mno.

Nimeurudia utendi huo kwa sababu ya wanawake wake. Siku hizi tuna neno moja tu kwa mwanamke wa ikulu: malkia. Lilitoka kwenye Kiarabu, likakaa pwani, likaingia makanisani kwa sala ya Salamu Malkia. Wakoloni nao wakatuletea malkia wao: Elisabeth akapewa mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na Astrid akapewa Astrida, ambao baadaye uliitwa Butare na leo ni Huye. Leo bibi harusi ni malkia, mwimbaji wa kwaya ni malkia, nyuki mkubwa wa mzinga naye ni malkia. Sichukii neno hilo. Ninachosikitikia ni kwamba limefunika majina ya kazi ambazo babu zetu walizitofautisha kwa makini.

Kwa Banyanga, Mwami, yaani mtawala, alikuwa na wake wengi, lakini mmoja aliolewa kwa ajili ya utawala wenyewe. Huyo aliitwa mumbo. Hakuhitaji kuwa kipenzi cha Mwami, maana nafasi yake ilitokana na ibada, na mwanawe ndiye aliyekuwa mrithi. Kwa Bashu, ndugu zetu Wanande, jina linakaribiana, mombo, na kazi ni ileile. Randall Packard aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1981. Kusini, Bushi, kuna mwamikazi, mama anayeushika utawala mwanawe akiwa bado mdogo. Ng'ambo ya mpaka, Wanyarwanda walitenganisha umwamikazi, mke wa Mwami, na umugabekazi, mama yake, ambaye alipewa jina la kifalme linalotokana na la mwanawe. Kanjogera, baada ya mapinduzi ya Rucunshu mwaka 1896 yaliyomweka mwanawe Yuhi Musinga kwenye kiti, akawa Nyirayuhi. Wote hao tukiwatafsiri malkia, hatutajua tena nani alizaa, nani aliolewa na nani alitawala.

Lakini mwanamke mkubwa kuliko wote katika simulizi la Rureke hakuwa mke wa Mwami wala mama yake. Ni dada wa Mwami.

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, aliwaoa wake saba, kisha akaweka amri ya ajabu: wote wazae wasichana, na mvulana yeyote atakayezaliwa atauawa. Sita wakazaa wasichana siku moja. Wa saba, Nyamwindo, aliyekuwa kipenzi chake, akachelewa, halafu akamzaa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akisema na kutembea. Baba akamrushia mkuki, ukamkosa. Akamzika, akatoka kaburini. Mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni.

Ngoma haikuzama. Mwindo akasafiri nayo kumtafuta shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, joka la majini. Walinzi wa Mukiti walimzuia, naye Iyangura hakungoja ruhusa ya mume: alikuja mwenyewe, akaipasua ngoma na kumtoa mtoto wa kaka yake. Kisha akafuatana naye kurudi Tubondo kupigana. Shemwindo alipokimbilia kuzimu, kwa mungu Muisa, Mwindo alimwachia shangazi ncha ya kamba, na yeye mwenyewe akashika upande wa pili. Kamba ikiacha kutikisika, alimwambia, ujue nimekufa. Iyangura akabaki juu ameishika.

Baba alipokamatwa na kurudishwa, watu walikusanyika, na Iyangura akasimama mbele yao kumkemea kaka yake. Kosa alilomtajia ni lile lile la mwanzo: kuwabagua watoto kwa kuwa huyu ni wa kike na yule wa kiume. Mwami aliambiwa hayo na dada yake, hadharani, na akasikiliza. Mwenye kudai kwamba mila zetu hazikumpa mwanamke sauti mbele ya watawala, na amsome Rureke kwanza.

Amsome wapi? Hapo ndipo penye uchungu. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu wa Kinyanga, walikitoa kitabu mwaka 1969 huko California, Kiingereza kikitangulia na Kinyanga kikifuata. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa simulizi nyingine za Mwindo. Wanafunzi wa Marekani wameusoma utendi huu kwa miaka mingi. Mtoto wa Majengo hupelekewa hadithi za mabinti wa wafalme wa Ulaya kwenye simu.

Majina yenyewe hayajafa yote. Katika Luhwinja, Kivu Kusini, Espérance M'Baharanyi, mjane wa Mwami, aliishika chefferie kwa niaba ya mwanawe katika miaka ambayo kampuni ya Banro ilikuwa ikichimba dhahabu ya Twangiza, na kila mtu alimwita Mwamikazi, akiwemo aliyepingana naye. Mumbo hana bahati hiyo. Matini ya Kinyanga imo katika kitabu cha 1969, neno kwa neno, na wazee wanaoifahamu lugha hiyo wamehamia mjini kwa sababu ya vita, wengine wamepanga nyumba hapa hapa jirani. Kinachotakiwa ni kukiingiza Goma kitabu hicho, na wizara ya elimu ya mkoa iwalipe watu wa Walikale wakitafsiri kwa Kiswahili, tena wamwache mumbo aitwe mumbo.