Mwana wa Sultani

Hapa kwetu Mitwero, pwani ya kusini, mtoto akitimiza miaka saba yuko chuoni kwa maalimu, na mama yake anachohofia ni kimoja tu: asichelewe kurudi magharibi ikaingia. Yusuf bin Hasan alikuwa na umri kama huo mwaka 1614, baba yake alipouawa. Kila nikisomesha habari zake, hapo ndipo ninapoanzia.

Baba, Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa, aligombana na kapteni wa Kireno wa ngome ya Fort Jesus, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa njama za Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao ya utawala wa Wareno huko India. Na mtoto naye wakampeleka Goa, kwa watu wale wale. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino wakamlea, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia. Alipokua akafunzwa kupiga mizinga, kisha akafanywa askari wa heshima wa Shirika la Kristo.

Shirika hilo sisi wa kusini tunalijua, hata kama jina tumelisahau. Liliundwa Ureno mwaka 1319 kurithi mali ya watawa wapiganaji wa Hekalu, wale waliopigana vita vya msalaba huko Yerusalemu na Sham. Msalaba wake mwekundu ndio uliochorwa kwenye matanga ya merikebu za Wareno. Julai 1505 jemadari wao Francisco de Almeida alipoiteka Kilwa, mapadri walishuka pwani na misalaba wakiimba sifa, na mji ukaporwa. Kwa hiyo nakataa kusema kwamba vita vya msalaba ni habari za Ulaya peke yake. Vilifika hadi mlangoni petu.

Ulaya yenyewe iliwahi kuwatia watoto humo. Mwaka 1212 kijana Nicholas wa Cologne aliongoza umati wa maskini, vijana na watoto wengi miongoni mwao, wakavuka milima ya Alps hadi Genoa wakiamini bahari itapasuka wapite kwenda Yerusalemu. Bahari haikupasuka, na wengi hawakurudi makwao. Lakini wale walitoka kwa miguu yao. Yusuf hakuna aliyemwuliza lolote.

Wareno walimrudisha Mombasa akiwa mfalme wao, Mkristo, na mke Mkristo. Kisha wakapata habari kwamba anakwenda kaburini kwa baba yake na kumwombea Kiislamu. Kabla hawajamkamata, Agosti 1631, aliingia ngomeni na watu wake akamchoma kisu kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Siku zilizofuata waliokataa kusilimu waliuawa, Wareno na Waafrika waliobatizwa, wanawake na watoto pia.

Wapo kwetu wanaomwita shujaa na kuishia kwenye kile kisu. Mimi siwezi. Watoto wale hawakumuua Sultani Hasan, kama vile Yusuf hakuwa na kosa lililompeleka Goa. Na Wareno wanaomwita msaliti nawauliza: alisaliti nini, yeye aliyelelewa na serikali iliyomuua baba yake?

Mwaka 1632 alizishinda merikebu zilizotoka Goa kuizingira ngome, akaibomoa, akaondoka. Akaishi baharini akiwavamia Wareno, mpaka alipouawa Bahari ya Shamu mwaka 1638, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo.