Mawe Yaangukayo Kutoka Mbinguni

Mwezi wa Septemba, mwaka 1768, wakulima waliokuwa mashambani karibu na Lucé, nchini Ufaransa, walisikia mshindo kama wa radi, kisha wakaona jiwe likishuka kutoka juu. Walipolikaribia walilikuta limezama nusu udongoni, nalo li moto hata halishikiki. Jiwe hilo likapelekwa kwa wanazuoni wa Paris, na miongoni mwao alikuwamo Lavoisier, bingwa wa kemia. Hao wakatoa hukumu kwamba jiwe ni la ardhini, limepigwa na radi tu. Neno la walioona kwa macho yao halikutiwa mizanini.

Nasi tusiwacheke upesi, wasikilizaji wetu, maana kweli, jiwe lingetoka wapi huko juu? Mwaka 1794 Chladni, Mjerumani, alithubutu kuandika kwamba mawe haya hutoka nje ya dunia, naye alitegemea sana ushahidi wa watu walioyaona yakianguka. Wengi walimdhihaki. Lakini mwaka 1802 Howard, Mwingereza, alipima mawe yaliyoanguka mahali mbalimbali, kama Benares nchini India na Siena nchini Italia, akaona yana chuma kilichochanganyika na nikeli, mchanganyiko ulio nadra sana katika miamba yetu.

Tarehe 26 Aprili 1803, mchana, mawe yapata 3,000 yalinyesha karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa. Serikali ikamtuma Biot, kijana wa miaka 29. Huyu alikwenda kijiji kwa kijiji, akawauliza watu wa kila hali, akapima na eneo lililoangukiwa. Watu wasiojuana walisema mamoja. Taarifa yake ilipotoka, mabishano yakapoa.

Leo twajua kwamba mengi ya mawe hayo ni vipande vya vijisayari vizungukavyo jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Machache yametoka mwezini au Mirihi. Yaliyo chuma kitupu, kama kimondo cha Mbozi nchini Tanzania kikadiriwacho uzito wa tani 16, yalikuwa viini vya vijisayari vilivyoyeyuka, vikapoa, kisha vikavunjika kwa kugongana. Lile la Lucé ni la namna iliyo nyingi zaidi: jiwe lenye chembe za chuma ndani yake. Umri wa mawe ya namna hiyo ni yapata miaka milioni 4,500, nao wapita ule wa mwamba wowote uliopata kuonekana katika ardhi ya Ufaransa, au penginepo duniani.