Waya Moja, Ploti Nzima: Nani Anashika Paswadi?

Wasee, wacha nianze na kukubali kosa. Mwaka wa 2020 nilimkatia jirani intaneti juu ya mia tano.

Tulikuwa tunaishi ploti moja hapa Riruta. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, kila mtu yuko nyumbani, bando zinaisha kama maji. Milango sita tukachanga mia tano mia tano kwa mwezi, tukalipia laini moja ya waya. Rauta ikakaa kwetu, mimi nikawa mshika paswadi. Mwezi wa tatu mama wa mlango wa nne hakulipa, kazi ya kufulia watu nguo ilikuwa imekauka. Nikabadilisha paswadi na nikanyamaza. Siku mbili baadaye nikampata kijana wake wa kidato cha pili kwenye ngazi, ameshika simu ya mamake, anajaribu paswadi ya zamani tena na tena. Alidhani simu ndiyo imeharibika.

Hapo ndipo nilianza kuuliza: hii mambo ya kugawana intaneti ilianzia wapi?

Kila kompyuta inayoingia mtandaoni inahitaji anwani. Mfumo wa IPv4 una anwani kama bilioni 4.3 pekee, na miaka ya tisini wataalamu walishaona hazitatosha. Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis wakatoa pendekezo: kompyuta za ndani zitumie anwani zao za ndani, halafu kifaa cha mlangoni kizibadilishe data ikitoka na ikirudi. Wenyewe waliliita suluhisho la muda mfupi. Mbinu hiyo ikakua hadi kompyuta nyingi zikaweza kutoka nje kwa anwani moja tu. Rauta inaweka kumbukumbu ya nani aliuliza nini, ndiyo jibu lako lisiende kwa simu ya jirani. Mwaka wa 1999 Windows 98 Second Edition ikaleta njia ya kufanya kompyuta moja igawie zingine. Shida ni kwamba ukiizima hiyo moja, wote mmebaki nje.

Huku kwetu, wakati huo, intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, na bei ilikuwa moto. Kwa hivyo wengi wetu tulijifunza kugawana saiba. Nakumbuka 2010 kaka yangu akinipeleka moja ya Kawangware: kompyuta nane, swichi moja imefunikwa vumbi, bob moja kwa dakika. Mtu mmoja akianza kupakua movie, wengine saba wanapiga kelele. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilikuwa zimefika Mombasa mwaka uliotangulia, 2009, lakini mtaani mabadiliko yalikuja polepole.

Na si kwetu tu. Kule Kibera, Tunapanda Institute walijenga TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana. Mwaka wa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa mwongozo wa leseni za mitandao ya aina hiyo. Hii ni muhimu, kwa sababu mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani haikuruhusu kuuzia milango mingine. Soma yako kabla hamjachanga.

Sasa maoni yangu. Ukitazama kutoka nje, ploti yetu yote ilikuwa anwani moja. Mtandao haukujua tuko milango sita, wala haukujua nani ana mtihani na nani anatazama mpira. Hayo tulijua sisi tu. Teknolojia ilitupa njia ya kugawana, lakini haikutuambia tugawane vipi. Hiyo kazi aliachiwa mwenye paswadi, na mimi niliifanya kama makanga anayeshusha mtu asiye na nauli.

Baadaye tulikaa chini wote tukaweka sheria. Ukichelewa kulipa, una wiki mbili. Mchana masomo kwanza, movie ni baada ya saa nne usiku. Kila simu ikawekewa kiwango chake kwenye rauta, hata yangu. Paswadi haibadilishwi kabla watu watatu hawajakubali. Kelele zilipungua, na hakuna aliyekatwa tena.

Yule mama nilienda kumwomba msamaha. Akanimiminia chai, akasema pesa angetafuta tu. Kisha akaniuliza kitu kimoja: "Mwanangu, si ungebisha mlango?"

Sikuwa na jibu. Kutoka rauta hadi mlango wake ni hatua kumi.

Haya, kwenu paswadi iko kwa nani, na mliwahi kukaa chini mkakubaliana?