Fundi wa Ngoma na Mkuu wa Chuo: Tiba ya Muziki Kutoka Chwaka Hadi Bondo

Tiba ya muziki, yaani matumizi ya sauti, mdundo na nyimbo chini ya uangalizi wa mtaalamu kwa ajili ya kumrudishia mgonjwa afya ya mwili au ya nafsi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa fani changa iliyozaliwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale wanamuziki walipoingizwa katika hospitali za askari majeruhi na ikaonekana kuwa wafanyao kazi hiyo lazima wasomeshwe kwanza. Jina linalotangulizwa katika masimulizi hayo ni la E. Thayer Gaston (1901–1970), mwalimu wa muziki aliyeongoza idara ya elimu ya muziki katika Chuo Kikuu cha Kansas, akaanzisha humo mafunzo ya tiba katika miaka ya 1940, na mwaka 1968 akahariri kitabu cha kiada cha fani hiyo. Kwamba mtu mmoja aliweza kuwa mwalimu, mtabibu na kiongozi wa taasisi kwa pamoja limechukuliwa kuwa jambo jipya, ingawa aitazamaye historia kutoka Unguja hana budi kulitilia shaka.

Katika vijiji vya mashariki ya kisiwa, Chwaka ikiwa miongoni mwao, kando ya ghuba yake yenye mikoko ambako watu huishi kwa uvuvi na kwa kilimo cha mwani, kazi hizo tatu zilikuwa mikononi mwa fundi, mwanamume au mwanamke, anayeendesha ngoma ya pepo. Mgonjwa aliyeshindikana kwa dawa za miti na kwa kombe, yaani maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji na kunywewa, hupelekwa kwa fundi, naye huanza kwa kutafuta pepo aliyemkalia ni wa kabila gani, kwa kuwa kila kabila lina nyimbo zake, mavazi yake, manukato yake na mapigo yake. Ngozi za ngoma huoteshwa moto hadi zikaze, mwele hufunikwa shuka na kufukizwa ubani, kisha mapigo hujaribiwa moja baada ya jingine, wapigaji wakimwangalia mabegani na shingoni zaidi kuliko usoni, mpaka mwili wake uitikie pigo mojawapo. Hapo ndipo fundi hulishikilia pigo hilo, akalikaza au kulilegeza kadiri anavyoona, hadi pepo apande, aseme jina lake na kutaja anachotaka. Pepo wa kibuki, ambao asili yao hunasibishwa na Bukini, yaani Madagaska, huchezewa kodiani na kayamba, ilhali ruhani, ambao ni pepo Waislamu, huitwa kwa namna iliyo karibu zaidi na dhikri. Wanazuoni wengi wa dini wameipinga ngoma hiyo na bado wanaipinga, na upinzani huo ni sehemu ya historia yake.

Lililo muhimu zaidi kwa mada hii ni jinsi fundi alivyopatikana. Mteja, yaani mtu aliyewekwa chini ya uganga, hakuagana na kilinge, yaani mahali pa uganga pamoja na kundi linalokutana hapo, alipopata nafuu, bali alibaki kuwa mwanachama, akaitikia nyimbo, akajifunza mapigo na majina ya pepo, akasaidia katika ngoma za wengine, na baada ya miaka huenda akakabidhiwa kilinge chake mwenyewe, pamoja na jukumu la kusimamia michango, kupanga siku za ngoma na kusuluhisha ugomvi wa wanachama. Cheo hicho kilipatikana kwa kuugua, kupona na kufundishwa. Hans Koritschoner, aliyeieleza ngoma ya sheitani ya Tanganyika katika jarida la wanaanthropolojia wa London mwaka 1936, alikuwa na busara ya kuiita matibabu ya maradhi ya nafsi, wakati ambapo wengi wa wazungu wenzake waliiona kuwa kelele za usiku.

Mjini kulikuwa na mkondo mwingine. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Kairo kujifunza kupiga ganuni, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa, chenye jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 ambao katika risala yao ya muziki walitaja lahani zilizopigwa hospitalini alfajiri ili kuwapunguzia wagonjwa maumivu. Taarabu ya Unguja ilichukua jina na maqamu, yaani mipangilio ya sauti inayoongoza lahani, lakini kazi ya tiba ilibaki kwenye vilinge.

Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofungua milango katika jengo la Forodha ya zamani, Mji Mkongwe, mwaka 2002, kimefundisha udi, ganuni, fidla na ngoma za asili kwa mitaala na mitihani. Mtu wa muziki kuongoza chuo kikuu kizima nalo limekwisha kutokea katika kanda hii: Profesa Emily Achieng' Akuno wa Kenya, mtaalamu wa elimu ya muziki aliyepata kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Muziki, amekuwa Makamu Mkuu wa Chuo, yaani mtendaji wake mkuu, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, Bondo. Shahada ya uzamili ya tiba ya muziki, kwa upande wake, ilianza Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Pretoria, mwishoni mwa miaka ya 1990. Elimu ya muziki, uongozi wa chuo na tiba vimepata makao kila kimoja mahali pake, na mitaala ya tiba imejengwa juu ya mbinu za Ulaya na Marekani, ilhali kanuni ya kulijaribu pigo baada ya pigo hadi mwili wa mgonjwa uitikie, ambayo Gaston angeielewa bila mkalimani, inaendelea kupokezanwa kwa mdomo na mkono ndani ya vilinge.